Kabla ya Gundi, Yajue Maji: Ushauri kwa Wanaoanza Kazi ya Nyuzi za Mimea

Wengi wanaoingia katika kazi ya kutengeneza trei, sahani na vibao vinavyooza kutokana na nyuzi za mimea huanza kwa kuulizia gundi: ni wanga upi unaoshika zaidi, kaseini (protini ya maziwa) ichanganywe na nini, utomvu wa mpira unafaa au haufai. Swali hilo ni halali, ila linaulizwa mapema mno. Sehemu kubwa ya kazi zilizoharibika ambazo nimewahi kuzikagua zilikuwa na gundi ya kutosha. Kilichoziharibu ni maji: ama yalikuwamo bila kujulikana, ama yalikosa njia ya kutokea, ama yalirudi baada ya kitu kukauka.

Kwa hiyo chombo cha kwanza kukizoea ni mizani. Nyuzi za mimea zilizoachwa hewani hazikauki kabisa. Katani au makapi ya miwa yanayoonekana makavu mkononi kwa kawaida hubaki na maji ya takriban asilimia 8 hadi 12 ya uzito wake, na kiwango hicho hupanda hewa inapokuwa na unyevu mwingi. Chukua sampuli, ipime, iweke katika tanuri lenye joto la sentigredi 105 mpaka uzito wake usibadilike tena, kisha uipime upya. Ikiwa asilimia 12 ya uzito imepotea, basi katika kila kilo 1 unayochota ghalani, gramu 120 ni maji na gramu 880 tu ndizo nyuzi. Kanuni ikisema gramu 30 za wanga kwa kila gramu 100 za nyuzi kavu, unahitaji gramu 264 za wanga, si 300. Andika vilevile umegawanya kwa uzito gani, kwa sababu gramu hizo 120 zikilinganishwa na nyuzi kavu pekee zinakuwa asilimia 13.6, na watu wawili wa karakana moja wanaweza kubishana asubuhi nzima juu ya tarakimu mbili ambazo zote ni sahihi.

Hatua ya kusafisha nyuzi nayo ni habari ya maji. Nyuzi mbichi zina nta na pektini (utando unaogandisha seli za mmea) juu yake, na gundi nyingi za asili, kwa kuwa huyeyushwa au kutawanywa katika maji, hazishiki vizuri pale ambapo maji hayalowanishi. Dondosha tone la maji juu ya nyuzi za makumbi ya nazi ambazo hazijatibiwa, uone linavyoweza kukaa juu yake likiwa duara. Kwenye nyuzi zilizosafishwa vizuri tone hilohilo husambaa na kunywewa. Wengi hutumia mmumunyo hafifu wa sodiamu haidroksaidi (magadi makali), kiasi cha asilimia 2 hadi 5, kisha husuuza mpaka maji ya mwisho yasiwe na ukali wa alkali. Vaa glavu na miwani, tia kemikali kwenye maji na kamwe usifanye kinyume chake, na usidhani kwamba mmumunyo mkali zaidi utaleta nguvu zaidi, kwani ukizidi hula nyuzi zenyewe. Maji ya kusuuzia yazimuliwe ukali kabla ya kumwagwa. Ni aibu kuuza sahani inayosifiwa kwa kutunza mazingira huku mtaro ulio nyuma ya karakana ukibubujika alkali.

Sasa gundi. Unga mkavu wa wanga si gundi. Punje zake zinahitaji maji na joto, kwa wanga wa aina nyingi kati ya sentigredi 60 na 80, ndipo zivimbe, zipasuke na kuwa uji unaonata. Anayenyunyiza unga mkavu juu ya nyuzi kavu na kukandamiza, akivunja kipande chake atakuta vumbi jeupe katikati ya nyuzi. Hapo ndipo ugumu wa kazi hii ulipo: maji yasipokuwapo gundi haishiki, na yakishamaliza kazi yake ni lazima yatoke, tena bila haraka. Gramu 1 ya maji ikigeuka mvuke katika sentigredi 100 na kanieneo ya kawaida ya hewa hujaza takriban lita 1.7. Mashine ya kukandamizia ikiwa imebana, mvuke huo husubiri ndani. Ukifungua ghafla, hupasua tabaka za katikati huku sura ya nje ikibaki nzuri. Gonga kibao kilichopoa kwa kidole kuanzia ukingoni kuelekea katikati, nawe utasikia mlio mkavu ukigeuka kuwa mlio mtupu mahali palipoachana. Ukikata mahali hapo kwa msumeno utaona mwanya mwembamba sambamba na uso wa kibao, mara nyingi ukiwa na rangi hafifu kuliko sehemu za nje zilizopata joto zaidi.

Dawa yake si kuongeza gundi. Kausha kwanza mkeka wa nyuzi kabla ya kuuingiza kwenye kalibu, toboa njia za mvuke katika kalibu, legeza kanieneo kwa vipindi vifupi ili mvuke upumue, na mwishoni fungua polepole. Usijaribu kufupisha muda kwa kupandisha joto kupita kiasi, kwa sababu nyuzi za mimea huanza kuharibika zikikaribia sentigredi 200.

Gliserini, kiowevu kizito cha kulainishia, nitaitaja kwa ufupi, maana wanaoanza huipenda kupita inavyostahili. Hulainisha wanga usikatike, lakini huvuta unyevu wa hewani, na trei iliyosimama imara karakanani huweza kulegea ikifika ghalani kwa mteja. Wanga nao huendelea kukakamaa kadiri siku zinavyopita, kwa hiyo usipime nguvu ya kipande siku kilipotoka kwenye mashine tu. Kihifadhi kwanza katika hali isiyobadilika, mathalani sentigredi 23 na unyevu wa hewa wa asilimia 50, kisha pima vingine vya kundi hilohilo baada ya majuma kadhaa.

Mteja atataka kitu kisichopenyeza maji wala mafuta, na hapohapo kinachooza upesi. Matakwa hayo mawili yanavutana. Kuna vyombo vya nyuzi vilivyokingwa mafuta kwa kemikali za jamii ya PFAS, zenye floraini, ambazo haziozi. Kipimo cha Ulaya cha EN 13432, cha vifungashio vinavyooza kuwa mboji, huweka kikomo cha floraini cha miligramu 100 kwa kilo. Kipimo hicho pia hudai kwamba angalau asilimia 90 ya kaboni igeuke kuwa kaboni dioksidi ndani ya miezi 6, na kwamba baada ya majuma 12 kisibaki zaidi ya asilimia 10 juu ya chekecheo la milimita 2. Mazingira yanayokusudiwa ni ya kiwanda cha mboji, ambako joto hufikia takriban sentigredi 58, wala si shimo la takataka lililo kavu. Mteja akikuuliza chombo kitaoza kwa muda gani, muulize kwanza kitatupwa wapi, kisha umwandikie jibu lenye joto, unyevu na unene wa kipande ulichokijaribu.