Jino limenyamaza, mzizi bado unaumwa: maswali yenu na majibu

Maswali mengi ya safari hii yanahusu matibabu ya mzizi wa jino, yale ambayo wengi huyaita kuua neva. Nimeanza na swali linalonitia wasiwasi kuliko yote.

Shikamoo daktari. Gego langu liliniuma wiki nzima, usiku silali. Juzi likaacha lenyewe. Bado kuna haja ya kutibiwa?

Marahaba mwanangu. Ipo, tena usichelewe. Ndani ya jino kuna kiini laini chenye neva na mishipa ya damu. Bakteria wakikifikia kupitia tundu, kiini huvimba, na kwa kuwa kimezungushiwa ukuta mgumu pande zote, hakina pa kupanukia. Ndiyo maana jino la namna hiyo huuma hata usipoligusa, na ukinywa kitu cha baridi maumivu hubaki kwa muda hata baada ya kumeza. Likinyamaza ghafla bila kutibiwa, mara nyingi kiini kimekufa. Neva iliyokufa haina cha kuhisi, lakini bakteria wamo, na sumu yao inatokea kwenye ncha ya mzizi hadi mfupa wa taya uanze kulika. Angalia fizi iliyo karibu na jino hilo. Kipele kinachotoka, kupasuka, kupotea na kurudi mahali palepale ni njia ya usaha unaotoka chini.

Nimeambiwa nisafishwe mzizi, lakini kila ninayemuuliza ananiambia inauma vibaya. Ni kweli?

Maumivu wanayoyasimulia mara nyingi ni yale waliyokwenda nayo. Kazi yenyewe hufanywa chini ya ganzi, na wagonjwa wengi wanaona haitofautiani sana na kuzibwa jino, ila inachukua muda mrefu zaidi na taya huchoka kwa kuachama. Hata hivyo sitakuficha: gego la chini lililovimba sana wakati mwingine halishiki ganzi vizuri mara ya kwanza. Ukisikia maumivu, sema pale pale. Daktari ana njia za kuongeza ganzi, ikiwemo kuichoma kando ya jino au ndani ya kiini chenyewe. Kabla hajaanza, kubalianeni kwamba ukiinua mkono anasimama. Hiyo ni haki yako, na daktari makini ataifurahia.

Nieleze na kinachofanyika, maana hofu nyingi inatokana na kutojua. Jino hutengwa kwa mpira mwembamba unaozuia mate yasiingie na vifaa visidondokee kooni. Ukiona haukuwekwa, uliza kwa nini. Kisha daktari hutoboa juu ya jino, huondoa kiini, na kwa visindano vyembamba vyenye meno madogo husugua kuta za mifereji, yaani vijia vyembamba vya kiini ndani ya mizizi, huku akiisuuza mara kwa mara kwa dawa ya klorini. Urefu wa kila mfereji hupimwa kwa kifaa cha umeme au picha ya eksirei, ili asiishie njiani wala asitoboe ncha. Mwisho mifereji hujazwa gataperka, utomvu wa mti unaolainika kwa joto, pamoja na saruji ya kuziba mianya.

Kazi ngumu kuliko zote ni kuipata mifereji yote. Jino la mbele kwa kawaida lina mmoja. Gego la kwanza la juu mara nyingi lina minne, na huo wa nne ni mwembamba kiasi kwamba hukosekana kirahisi. Ukisahaulika, bakteria wanabaki humo, na hiyo ni sababu mojawapo ya jino lililokwisha kutibiwa kuanza kusumbua tena baada ya miaka.

Mara ya kwanza waliweka dawa wakaziba kwa muda, nikaambiwa nirudi baada ya wiki mbili. Miezi minne imepita na haliumi. Naweza kuliacha hivyo hivyo?

Hapana, dada yangu, na nakuomba uweke miadi leo. Meno mengi yanapotea hapa hapa, katikati ya matibabu, kwa sababu maumivu yamekwisha na mtu anadhani amepona. Kizibo cha muda kimetengenezwa kukaa wiki chache. Baada ya hapo huliwa, hupata nyufa, mate hupenya, na mifereji iliyokwisha kusafishwa hujaa bakteria upya. Nenda hata kama unaona aibu kwa kuchelewa. Huenda wakalazimika kusafisha tena, lakini jino likiwa halijapasuka bado lina nafasi nzuri ya kupona.

Kwa nini daktari anasisitiza kofia, kile kifuniko kigumu cha kulivika jino, wakati jino limeshazibwa?

Kwa sababu jino hilo limepungua. Limeliwa na ugonjwa, kisha likatobolewa, na kuta zilizobaki ndizo zinazobeba nguvu yote ya kutafuna. Gego lisilovikwa kofia linaweza kupasuka kuelekea kwenye mzizi, na likipasuka hivyo kwa kawaida huishia kung'olewa. Jino la mbele lililopoteza sehemu ndogo tu huenda likatosheka na kizibo cha kawaida. Unapouliza gharama, uliza ya mzizi na ya kofia kwa pamoja tangu mwanzo.

Si ningemeza antibayotiki tu?

Hazitibu. Kiini kilichokufa hakina damu inayopita, hivyo dawa uliyomeza haifiki walipo bakteria. Hutumika pale uvimbe unaposambaa au homa inapopanda, na hata hapo ni za kusaidia tu. Chanzo lazima kisafishwe au jino ling'olewe.

Na kung'oa je? Si ndiyo rahisi?

Siku hiyo, ndiyo. Na kuna meno yasiyookoka: yaliyopasuka mzizi, au yaliyooza hadi chini ya fizi. Lakini pengo likiachwa wazi, meno ya jirani huweza kuinamia na lile linalokutana nalo kwenye taya nyingine kurefuka, na kulijaza baadaye kwa kawaida kunagharimu zaidi. Kama jino linaokoleka, mimi nitalipigania.

Nina mimba ya miezi mitano. Nisubiri nijifungue?

Usisubiri, mama. Ganzi ya kawaida na picha moja ya eksirei ya jino vinakubalika, na miezi ya katikati ndiyo yenye nafuu zaidi kwako kukaa kwenye kiti. Mwambie daktari kwamba ni mjamzito, na dawa za aina ya ibuprofeni usimeze kwa uamuzi wako mwenyewe.

Nimejazwa mzizi siku tatu zilizopita, nikitafuna naumia. Kazi imeharibika?

Pengine hapana. Tishu za ncha ya mzizi zimesumbuliwa, na kuuma kidogo kwa siku kadhaa ni kawaida. Tafunia upande mwingine. Kama jino linatangulia kugusana na mengine, rudi kizibo kipunguzwe. Ila maumivu yakizidi badala ya kupungua, au shavu likivimba, mpigie daktari siku hiyo hiyo. Na ukishindwa kumeza, kuachama au kupumua vizuri, au uvimbe ukishuka shingoni au kukaribia jicho, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.