Nani Alikula Kuku wa Jirani?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa Darasa la Tano wilayani Muheza. Wanafunzi wangu humtambua twiga na simba kwenye picha, lakini nilipowauliza ni mnyama gani aliyekula kuku wa jirani yetu usiku, kila mmoja alitaja lake. Shule haina fedha za safari ya hifadhini. Tufanye kazi gani za mikono ili wawafahamu wanyama wa hapa kwetu?

JIBU: Mwalimu, hilo la kuku ni somo zuri kuliko safari, nami ningeanzia hapo. Waagize wanafunzi wachore nyumbani wayo wa mbwa na wa paka kwa ukubwa wake halisi. Wataona wenyewe kwamba mbwa huacha alama za kucha, ilhali paka haachi, kwa sababu huzirudisha ndani anapotembea. Akishalijua hilo, mtoto hapati taabu kumtenga nguchiro, ambaye kucha zake ndefu huchora ardhi, na kanu, yule mnyama mdogo wa usiku mwenye madoa, ambaye wayo wake kwa kawaida hufanana na wa paka.

Kisha lainisheni kitanda cha mchanga cha mita moja kwa mita moja pembezoni mwa kichaka, mkinyunyizie maji jioni na kukikagua asubuhi kabla ya mstari, kwa kuwa jua likishapanda kingo za nyayo humomonyoka. Wayo uliokaa vizuri uzungushieni pete iliyokatwa kwenye chupa ya plastiki, mmimine humo unga wa jipsamu, ule wa mafundi dari, uliokorogwa ukawa kama uji mwepesi. Ukikauka, andikeni nyuma yake tarehe, mahali na jina. Jina la Kibondei au la Kisambaa lisikataliwe. Mimi niliwahi kumsahihisha mtoto aliyesema fungo, nikidai ni ngawa, kumbe tulikuwa tunamtaja mnyama yuleyule.

Kinyesi nacho kinafundisha, ila kichambuliwe kwa vijiti, na mikono ioshwe kwa sabuni. Fungo hurudia kujisaidia mahali pamoja, na lundo lake mara nyingi huwa na mbegu za matunda na vipande vya magamba ya jongoo. Mnyama hai asitegwe: Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kumkamata bila kibali.

Kuhusu kuku, ombeni ruhusa kwa jirani mtandaze kitanda cha pili mlangoni mwa banda lake.