Picha Zinapendwa, Wateja Hawaji

SWALI

Ndugu Mhariri,

Mimi ni fundi cherehani mwenye kibanda jirani na Soko la Mbuyuni hapa Moshi, ninakoshona magauni ya vitenge, nguo za kipaimara na sare za harusi. Miezi minane iliyopita mwanangu alinifungulia ukurasa wa Instagram, na tangu hapo kila siku naweka picha mbili au tatu za mishono mizuri ninayoikuta mtandaoni, nyingi zikiwa za mafundi wa Nigeria na Ghana. Wafuasi wamefika 1,400 na picha zinapendwa sana, lakini walioleta vitambaa baada ya kuuona ukurasa ni wawili tu, na wote walikuwa wakinifahamu tangu zamani. Sasa kuna kijana anataka nimlipe shilingi 60,000 aniongezee wafuasi 10,000. Je, nimlipe, au niachane kabisa na mambo ya mtandao? Jina la ukurasa nimeliambatanisha ili mwupitie wenyewe.

Fundi wa Majengo, Moshi

JIBU

Dada yetu, usimlipe. Wafuasi wanaouzwa kwa mafungu huwa ni akaunti za uongo au za watu wa mbali wasiojua hata kama unashona, na kwa kuwa kanuni za Instagram zinakataza biashara hiyo, akaunti za aina hiyo zinaweza kufutwa wakati wowote, ukabaki na hasara yako. Hata zisipofutwa, hakuna hata moja itakayopanda daladala kutoka Pasua ije kupimwa kiuno. Badala yake, geuza akaunti yako iwe ya biashara, jambo lisilo na malipo, kisha ufungue sehemu ya takwimu usome miji wanakoishi wafuasi ulionao sasa. Ukikuta Moshi na Arusha ziko chini ya Lagos na Accra, utakuwa umepata nusu ya jibu la swali lako.

Nusu nyingine imo katika picha zenyewe. Tumeupitia ukurasa wako kutoka juu hadi chini na tumekuta mishono ya kupendeza kweli, lakini hatukuona hata gauni moja lililotoka katika cherehani yako. Anayependa picha ya fundi wa Lagos anamsifu fundi wa Lagos. Tena kuna hatari ambayo mafundi wengi wanaijua kwa uchungu: mteja huja na picha uliyoiweka wewe mwenyewe, anaacha kitenge cha bei ya chini kuliko kile cha pichani, na siku ya kuchukua nguo anasimama mbele ya kioo akilinganisha mikono ya gauni lake na ile ya mwanamitindo. Ugomvi unaofuata hapo umeuanzisha wewe, tena bila kukusudia. Ukiacha hayo, picha ni mali ya aliyeipiga, na kuitumia kutangaza biashara yako bila ruhusa yake si haki.

Kwa hiyo anza upya na kazi ya mkono wako. Huhitaji kamera, simu uliyonayo inatosha, mradi utundike gauni karibu na mlango asubuhi, mwanga wa nje ukilipiga kwa ubavu, nyuma yake kukiwa na ukuta mtupu badala ya rundo la vipande vya vitambaa. Piga picha moja ya gauni zima, kisha usogee karibu sana: onyesha zipu ilivyokaa bila kuvuta kitambaa, na maua ya kitenge yalivyokutana sawasawa kwenye mshono wa kati wa mgongo. Halafu ligeuze gauni ndani nje ili tuone bitana na ovaloki. Mafundi wengi huficha upande huo, na kwa sababu hiyo hiyo mteja aliyewahi kufumukiwa na nguo kanisani ataukazia macho. Gauni moja lililoonyeshwa hivyo kwa wiki lina faida kuliko picha ishirini za kuokota.

Chini ya picha andika bei. Tunajua kuna desturi ya kujibu kila anayeuliza kwa maneno "njoo inbox", na wenye desturi hiyo hudai kwamba wanaficha bei kwa washindani. Mwandishi wa safu hii aliwahi kuulizia viatu vya ngozi kwa muuzaji mmoja wa Arusha, akaambiwa aende inbox, akaenda, na jibu lilipofika siku ya tatu alikuwa amekwishavaa vingine alivyonunua Soko la Kilombero. Eleza gharama ya ushonaji peke yake na gharama pamoja na kitambaa, siku unazohitaji, malipo ya awali unayotaka, na mahali ulipo kwa alama ambayo hata mgeni anayeshuka stendi ataifuata.

Hata hivyo, kwa biashara ya ukubwa wako, tungeweka nguvu zaidi WhatsApp kuliko Instagram. Programu ya WhatsApp Business, iliyoanza kutolewa mwaka 2018, ni ya bure na inakuwezesha kupanga bidhaa zako pamoja na bei ili mteja azipitie hata ukiwa umelala. Picha unazoweka kwenye status hudumu saa 24, na kwa kawaida huonekana kwa mtu ambaye wewe umehifadhi namba yake naye amehifadhi yako. Basi unapomaliza kumpima mteja, kabla hujakunja tepu, mwombe aihifadhi namba yako papo hapo. Wachaga wengi hurudi nyumbani Desemba, na anayetaka sare za familia za Krismasi akiwa Dar es Salaam anahitaji kuona kazi yako mwanzoni mwa Novemba, si tarehe 20 Desemba wakati foleni ya nguo imefika dari.

Mteja akipendeza na ukatamani kumpiga picha, mwombe ruhusa kwanza na umweleze utaiweka wapi, kwa maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi imeanza kutumika nchini tangu tarehe 1 Mei 2023. Kwa watoto wa kipaimara, zungumza na mzazi, au onyesha nguo bila sura.

Matangazo ya kulipia yasubiri. Utakapokuwa na picha kumi za kazi yako zenye bei, unaweza kujaribu kiasi kidogo ukichagua Moshi na maeneo ya jirani peke yake, ukahesabu waliofika kibandani na si waliobonyeza alama ya moyo.

Jambo la mwisho ni dogo, lakini lifanye leo. Namba ya simu iliyoandikwa juu ya ukurasa wako inaanza na sifuri na ina tarakimu tisa, ilhali namba za simu za mkononi za Tanzania zikianza na sifuri huwa na tarakimu kumi. Tuliijaribu mara mbili na haikuita.