Kifua kinabana, bosi anasema vumilia

Pole ndugu. Kutoka kazini saa nne usiku kila siku, kifua kinabana, halafu bosi anakwambia wenzako wanavumilia! Hicho kifua usikiite uchovu. Nenda hospitali leo, wapime moyo na presha. Ya bosi yatafuata. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walieleza kuwa anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki, hatari yake ya kiharusi iko juu kwa asilimia 35 kuliko wa saa 35 hadi 40. Kisha andika daftarini saa unazoingia na kutoka. Mimi niliishi kwa kahawa nikijiona shujaa (ujinga mtupu). Bosi wangu alilegea nilipomfungulia daftari mezani.