Maswali ya wasomaji: kutazama anga la usiku ukiwa Tanga au Bagamoyo

Swali (mwanafunzi, Chumbageni, Tanga): Shikamooni. Nimenunuliwa darubini ya milimita 70, urefu wa fokasi milimita 700. Sanduku limeandikwa inakuza mara 525. Nikitazama sayari ya Mshtarii naona weupe unaotetemeka tu. Nimeuziwa mbovu?

Jibu: Marahaba. Huenda darubini yako ni nzima. Kisichofaa ni hicho kilichoandikwa kwenye sanduku. Ukuzaji hupatikana kwa kugawa urefu wa fokasi wa darubini (umbali kutoka lenzi hadi mahali mwanga unapokusanyika) kwa ule wa lenzi ya kutazamia, ile unayowekea jicho: 700 kwa 20 ni mara 35, 700 kwa 10 ni mara 70, 700 kwa 4 ni mara 175. Hiyo 525 ni lenzi ya milimita 4 iliyoongezewa lenzi ya Barlow inayozidisha mara 3. Lenzi ya mbele yenye upana wa milimita 70 haiwezi kubeba ukuzaji huo, kwa sababu mwanga unaoingia ni ule ule na unatandazwa mpaka umbo linapotea. Kikomo cha kweli ni kama mara mbili ya upana kwa milimita, yaani 140, tena usiku ambao hewa imetulia. Weka kabatini Barlow na lenzi ya 4. Anza na ya 20, ukishaona vizuri uende kwenye ya 10.

Kagua pia kifuniko cha mbele. Darubini nyingi za aina hii zina kifuniko kikubwa chenye kingine kidogo katikati. Wengi hufungua kile kidogo wakadhani wamemaliza, na sehemu kubwa ya lenzi inabaki imezibwa. Vua chote.

Kulenga ndiko kunakowakatisha wengi tamaa, na dawa yake hufanywa mchana. Chagua mnara wa simu ulio mbali zaidi ya kilomita moja, jua likiwa mgongoni kwako. Weka ncha ya mnara katikati ya lenzi ya 20, kaza stendi, kisha zungusha skrubu za ile darubini ndogo ya kulengea mpaka alama yake iguse ncha hiyo hiyo. Rudia kwa lenzi ya 10. Mnara ukionekana umegeuka, usishtuke, ndivyo zinavyofanya kazi.

Mtetemo unatoka kwenye stendi nyepesi. Usivute miguu yote hadi mwisho. Afadhali ukae kwenye kiti na stendi iwe fupi. Ning'iniza katikati yake mfuko wa mchanga wa kilo 2 au 3, na wakati wa kusi simama nyuma ya ukuta. Ukigusa kitufe cha fokasi, ondoa mkono na usubiri sekunde chache ndipo uamue kama picha imekaa sawa. Kwa mara 35 Mshtarii ataonekana duara dogo lenye vijimwezi hadi vinne vilivyopangana mstari mmoja. Kwa mara 70 utaanza kuona mikanda miwili ya rangi usoni pake. Kwa Zohali, kumbuka kuwa mwaka 2025 pete zake zilitugeukia kwa ukingo zikawa hazionekani kirahisi. Tangu hapo zinazidi kufunguka mwaka hadi mwaka.

Swali (Bagamoyo mjini): Stendi yangu ni ile ya kiikweta yenye uzito wa kusawazisha. Kitabu chake kinasema nilenge Nyota ya Kaskazini. Nimeitafuta sana sijaiona.

Jibu: Hutaiona, ndugu yetu. Bagamoyo iko karibu nyuzi 6 na nusu kusini ya ikweta, kwa hiyo nyota hiyo iko chini ya upeo wako usiku wote, mwaka mzima. Kitabu kimeandikiwa watu wa Ulaya na Marekani. Stendi ya kiikweta huzunguka kwenye mhimili mmoja ili kufuata mwendo wa nyota. Kwako mhimili huo unatakiwa uelekee kusini na uinuke nyuzi 6 na nusu tu. Aliye Tanga mjini ainue nyuzi 5.

Hapo ndipo shida inapoanza. Stendi nyingi za bei nafuu hazishuki chini ya nyuzi 15 au 20, na ukilazimisha, fimbo ya uzito inagonga mguu wa stendi. Kuinamisha miguu kunaifanya ielemee upande mmoja, na tumeona zinavyoanguka. Ushauri wetu kwa mtu wa pwani hii ni stendi ya kawaida ya juu-chini na kushoto-kulia, au darubini ya aina ya Dobson inayokaa kwenye sanduku lake la mbao. Stendi ya kiikweta inalipa kwa anayepiga picha za muda mrefu, na huyo atahitaji ya gharama zaidi inayoshuka hadi nyuzi 5.

Kusini halisi utaipata kwa Msalaba wa Kusini. Nusu ya pili ya Mei, kama saa 3 usiku, unasimama wima. Pima urefu wake kutoka nyota ya juu hadi ya chini, kisha endelea chini kwa urefu huo mara nne na nusu. Utafika kwenye ncha ya kusini ya anga, juu kidogo tu ya upeo. Ukiona msalaba mkubwa zaidi na hafifu, usiokuwa na zile nyota mbili kali za jirani upande wa mashariki, huo ni msalaba wa uongo. Mng'ao wa taa za Dar es Salaam uko kusini mashariki mwako, basi vitu hafifu vya upande huo visubiri mpaka vipande juu.

Swali (Mwambani, Tanga): Darubini ya macho mawili inasaidia kuuona mwezi mwandamo? Na nitazame saa ngapi hasa?

Jibu: Inasaidia sana, ya 7x50 au 10x50, yaani inayokuza mara 7 au 10 na yenye lenzi za mbele za milimita 50. Uamuzi wa kufunga na kufungua una wenyewe. Sisi tunaeleza mwezi ulipo angani.

Kwanza tafuta saa ya jua kuzama na saa ya mwezi kuzama kwa mji wako. Tofauti ikiwa dakika 20, usitarajie kitu. Ikizidi 40 na magharibi kukiwa kweupe, tumaini ni kubwa. Wakati mzuri zaidi ni pale zinapopita sehemu nne kati ya tisa za tofauti hiyo. Mfano: jua linazama saa 12:30 na mwezi saa 1:15. Tofauti ni dakika 45, basi kaza macho kuanzia kama saa 12:50. Kabla ya hapo anga bado ni jeupe mno. Ukichelewa, mwezi umeshaingia kwenye vumbi la upeoni.

Weka alama mahali jua lilipozamia, mnazi au paa. Kwa mfano wetu, saa 12:50 mwezi utakuwa juu ya upeo kwa kama nusu ya ngumi ya mkono ulionyooshwa, na unaweza kuwa kulia au kushoto ya alama. Hapa karibu na ikweta hilali hulala kama dau, pembe zikiangalia juu, kwa hiyo tafuta utepe uliolala. Usiinue darubini kabla jua lote halijazama. Lenzi zinakusanya jua na kuchoma jicho papo hapo.

Kosa la watu wa pwani ni kwenda ufukweni. Bahari yetu iko mashariki, na hilali iko magharibi, juu ya bara. Panda ghorofani au tafuta mwinuko usiozibwa na minazi. Ufukwe ufae kwa jambo jingine: alfajiri ya mwisho wa mwezi tazama baharini. Ukiuona mwezi mkongwe asubuhi hiyo, jua kwamba jioni ya siku hiyo hiyo mwezi mpya hauwezi kuonekana. Kwa macho matupu, mwezi ambao haujatimiza kama saa 15 tangu kukutana na jua haujulikani kuonekana popote duniani.

Swali (Pangani): Kilimia kinapotea wapi wakati wa masika?

Jibu: Kilimia ni kundi la nyota zilizosongamana. Mwezi Mei jua linapita upande kilipo, hivyo kinachomoza na kuzama pamoja nalo mchana. Mwisho wa Aprili kitafute magharibi mara tu giza likiingia. Juni kitakuwa kimerudi mashariki alfajiri. Wazee walikwisha sema, Kilimia kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kitazame kwa darubini ya macho mawili, maana ile ya mrija hukikata vipande.

Swali (Raskazone, Tanga): Lenzi yangu ina vitu kama nyuzi nyeupe ndani. Nimefuta kwa khanga safi, haviondoki.

Jibu: Hiyo ni kuvu. Weka khanga mbali kabisa na lenzi: chembe ya mchanga ikinaswa kwenye kitambaa inachora kioo moja kwa moja. Hewa yenye unyevu zaidi ya asilimia 70 kwa siku nyingi inaotesha kuvu, na pwani yetu hukaa juu ya hapo.

Pita na tochi kwa ubavu wa lenzi uone kuvu iko uso upi. Ikiwa usoni kwa nje, puliza vumbi kwanza kwa pampu ndogo ya mpira, kamwe si kwa mdomo, kwani mate yanabaki. Lowesha pamba safi kwa mchanganyiko wa nusu kwa nusu wa maji yaliyotoneshwa na spiriti ya isopropili, pitisha mara moja bila kugandamiza, tupa pamba, chukua nyingine. Dukani wakikupa "maji ya betri" kama ndiyo yaliyotoneshwa, soma chupa vizuri, mengine ni asidi. Kuvu ikiwa ndani ya darubini ya macho mawili, mpelekee fundi wa kamera, maana ukiifungua mwenyewe prizimu, vile vioo vya ndani vinavyopinda mwanga, zitahama na picha mbili hazitakutana tena. Ikishakula rangi ya kinga ya lenzi, alama haitoki.

Kinga ni rahisi. Tafuta kontena la plastiki lenye mfuniko unaobana, weka ndani gramu 100 hivi za silika jeli kwenye mfuko wa pamba. Ile ya rangi ya chungwa hugeuka kijani ikishiba maji. Ikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 110 hadi 120 kwa saa mbili, au kwenye sufuria juu ya moto mdogo wa mkaa ukikoroga, sufuria isiyopikiwa chakula tena. Mchele hautoshi, na unga wake unaingia kwenye lenzi. Darubini ikirudi na umande, iache chumbani wazi ikauke kabla ya kuifungia. Na ikitoka kwenye kiyoyozi kwenda nje, ibaki ndani ya begi nusu saa, isivae ukungu.

Swali (mwalimu, Muheza): Nawezaje kuwaonyesha wanafunzi jua la utosini?

Jibu: Kwa Tanga na jirani zake, mwalimu, subiri Machi 7 au 8 na Oktoba 6. Ning'iniza timazi ya fundi mwashi juu ya sakafu iliyosawazishwa. Machi uzi hupoteza kivuli kama saa 6:35 mchana, Oktoba kama saa 6:12. Bagamoyo ni Machi 4 na Oktoba 9 au 10.

Swali (Bagamoyo): Kuna kupatwa kwa jua karibuni? Picha ya eksirei inafaa kutazamia?

Jibu: Jumatatu, Agosti 2, 2027, jua litapatwa lote kwa watu wa Luxor na Makka, sisi tutaona sehemu tu, mchana. Eksirei haifai, wala CD, wala miwani ya jua. Kioo cha fundi wa kuchomelea kinafaa kikiwa namba 14, na wengi wana 10 au 11. Miwani ya kupatwa iwe na alama ya ISO 12312-2 na isiwe na mkwaruzo. Vile vichujio vidogo vya "jua" vinavyofungwa kwenye lenzi ya kutazamia vitupe leo, kwa sababu hupasuka kwa joto ukiwa unatazama.

Bila gharama yoyote: toboa karatasi ya manila kwa ncha ya pini, mpe jua mgongo, uangushe mwanga kwenye karatasi nyeupe iliyo mita 2 nyuma ya tundu. Utapata jua lenye upana wa kama milimita 18, likiwa limemegwa. Chini ya mwembe majani yatafanya kazi hiyo yenyewe. Tandika shuka jeupe watoto watazame humo.