Anayeshika sanduku la huduma ya kwanza kwenye raga ya watoto

Nikiulizwa na klabu inayoanzisha timu ya raga ya watoto ianze na nini, sizungumzii mipira wala jezi. Nauliza kwanza: siku ya mechi, nani ana mamlaka ya kumtoa mtoto uwanjani hata kocha asipotaka? Kama ni kocha mwenyewe, bado hamjawa tayari kucheza.

Nimekaa pembeni mwa uwanja na sanduku la huduma ya kwanza misimu mingi. Kocha anaangalia mpira, na hiyo ndiyo kazi yake. Timu ikiwa nyuma kwa pointi chache na mchezaji wake tegemeo ameshika kichwa, hata kocha mwenye moyo mzuri huona anachotamani kuona. Kwa hiyo sanduku lishikwe na mtu mwingine aliyefunzwa huduma ya kwanza, awaangalie watoto tu, na akisema "huyu anatoka", mjadala uishie hapo. Liandikwe kwenye kanuni za klabu, na mzazi alisome siku anayomsajili mwanawe.

Nasisitiza hivi kwa sababu ya mtikisiko wa ubongo. Watu wengi husubiri mtoto azimie, ilhali wengi wanaopata mtikisiko hawapotezi fahamu hata kidogo. Mtazame anavyoamka. Namkumbuka kijana mmoja aliyeinuka haraka baada ya kukabwa, akaniambia yuko sawa, na nilipomuuliza nani amefunga trai (bao la raga) ya mwisho akajibu bila kusita. Kisha akainama kufunga kamba za kiatu. Vidole vikapapasa, vikaachia, vikapapasa tena, na fundo halikupatikana. Nikamtoa. Jibu sahihi halitoshi kumrudisha mtoto mchezoni, lakini dalili moja inatosha kumtoa: kuyumba, macho kukodoa bila kuona, kichefuchefu, kichwa kuuma, kulia bila sababu, au yeye mwenyewe kusema tu "sijisikii vizuri". Akitoka kwa shaka hiyo, harudi siku hiyo, hata akidai amepona kabisa.

Mwaka 2011 huko Ireland Kaskazini, mvulana wa miaka 14 alifariki baada ya mechi ya shule aliyoendelea kuicheza akiwa tayari ameumia kichwa. Uchunguzi wa kifo chake ulionyesha kwamba ubongo ulipigwa tena kabla haujapona pigo la kwanza. Miaka miwili baadaye, Kanada ilimpoteza Rowan Stringer, nahodha wa miaka 17, baada ya kugongwa kichwa zaidi ya mara moja katika siku chache. Jimbo la Ontario lilipitisha sheria yenye jina lake mwaka 2018, inayotaka mchezaji anayeshukiwa kuwa na mtikisiko aondolewe mchezoni na asirudi hadi atimize utaratibu uliowekwa. Watoto wote wawili waliendelea kucheza, na ndiyo maana siwezi kulichukulia kimzaha neno "acha amalizie tu, zimebaki dakika tano".

Kofia laini ya raga haizuii mtikisiko. Hupunguza mikwaruzo ya kichwa na masikio, basi, na mzazi aliyeinunua aambiwe hivyo waziwazi. Kwa mtoto aliyetolewa, siku ya kwanza na ya pili nyumbani ni za kupumzika, simu na runinga zipunguzwe, na asiachwe peke yake saa 24 za mwanzo. Masomo yarudi kwanza, mazoezi baadaye. Mwongozo wa michezo ya mashinani uliotolewa Uingereza mwaka 2023 haumruhusu mchezaji kurudi kwenye mechi kabla ya siku ya 21, na mimi nauona ni kipimo kizuri kwa klabu yoyote isiyo na daktari wake. Lakini akitapika tena na tena, akipata degedege, akiona vitu viwili viwili, akizidi kusinzia au kichwa kikizidi kuuma, ni hospitali wakati huohuo.

Shingo ikiuma, au mikono na miguu ikifa ganzi, mtoto asisogezwe. Mchezo usimame hata kama refa wa mechi inayofuata anasubiri. Shika kichwa kama ulivyokikuta, ongea naye, mwite mtu wa ambulensi. Na akianguka ghafla bila kugongwa na hapumui kawaida, anza kukandamiza kifua, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mwingine akikimbilia mashine ya kushtua moyo. Ijulikane mapema iko wapi na kwamba haijafungiwa.

Sasa nije kwenye kuwalinda watoto dhidi ya unyanyasaji, upande ambao klabu nyingi huutenga na huduma ya kwanza, ilhali ni kazi ileile. Anayeshika sanduku ndiye anayemgusa mtoto, anayemwona akiinua jezi, anayebaki naye pembeni wakati wengine wanacheza. Humo ndimo watoto husema mambo. Raga huacha alama magotini, kwenye viwiko, mabegani, na hizo nazijua. Inayonishtua ni alama ya mkanda au ya vidole, michubuko makalioni au ndani ya mapaja, au jeraha bichi kwa mtoto ambaye hajacheza wiki nzima. Sikati shauri kwamba ameteswa. Naandika nilichokiona na kukifikisha kwa afisa wa ulinzi wa watoto wa klabu siku hiyohiyo.

Mtoto akianza kueleza, msikilize. Usimhoji kama polisi, wala usimwahidi kutunza siri, kwa kuwa hutaweza kuitunza. Mwambie amefanya vizuri kusema, kisha andika maneno yake kama alivyoyatamka, na tarehe na saa.

Nawe jilinde, kwa faida yake. Tibu mahali mnapoonekana, na mtu mzima wa pili awe karibu. Omba ruhusa kabla ya kugusa, hata kifundo cha mguu. Simu zisiingie chumba cha kubadilishia nguo. Ujumbe wa mazoezi uende kwenye kundi lenye wazazi, usiende kwa mtoto peke yake usiku. Wachezaji wapya wa timu wasifanyiwe "sherehe" za kuwadhalilisha, hata wakubwa wakisema wao walipitia hayo. Na kocha achunguzwe rekodi kabla ya kupewa filimbi, hata akiwa rafiki wa kila mtu. England na Wales zilibadili sheria mwaka 2022 ili kocha anayejihusisha kingono na kijana wa miaka 16 au 17 anayemfundisha ahesabiwe mhalifu, na kabla ya hapo pengo hilo lilikuwa wazi.

Daftari la majeraha liwe limefungiwa, lisomwe na wachache. Kama anayetajwa na mtoto ni mwenyekiti, au huyo afisa wa ulinzi mwenyewe, taarifa iende moja kwa moja polisi au ustawi wa jamii bila kupitia kamati. Namba zao zibandikwe ndani ya kifuniko cha sanduku, chini ya namba ya ambulensi.