Swali la Lugha: Kocha wa afya ajiiteje, na aulizeje?

SWALI: Assalaam alaykum, Mwalimu. Mimi ni msichana wa Kisauni, Mombasa. Nimesomea kazi ya kuwasaidia watu kubadili mienendo yao ya kiafya: chakula, usingizi, mazoezi, kupunguza mawazo. Mafunzo yote yalikuwa kwa Kiingereza. Najiita "kocha wa afya", lakini mwenzangu asema hilo ni neno la mpira, bora niseme "mshauri" au "mnasihi". Lipi sahihi? La pili, nina mteja, bi mkubwa mwenye sukari. Kila nikimwambia "unapaswa kupunguza mahamri", hunijibu "naam, mwanangu". Wiki ya pili nikimuuliza "mbona hukutembea?", hutoa visababu. Je, kosa liko kwenye Kiswahili changu?

JIBU: Waalaykumu salaam, binti yangu. Jina nitalimaliza upesi, kwa sababu swali lako la pili ndilo lenye uzito.

Baki na "kocha". Mshauri hutoa shauri. Mtu akija kwa mshauri huketi akangoja kuambiwa afanye nini, na kazi yako imejengwa juu ya kinyume chake, kwamba mwenye mwili ndiye mwenye kuamua. "Mnasihi" lishashikwa na wale wa ushauri nasaha mashuleni na hospitalini, na kazi yao ni nyingine. "Mkufunzi" ni wa chuo. Somo, yule mama anayemfunda bi harusi hapa kwetu, hufunza na kuamrisha, naye hatarajiwi kuuliza mwari anaonaje. Kocha tunamjua: hachezi yeye, mchezaji ndiye anayeingia uwanjani. Aibu ya neno hili ni zile kelele za pembeni mwa uwanja, nawe utaiondoa kwa namna unavyosema na watu. Ukitaka kutaja zaidi ya maradhi na tiba, sema "kocha wa afya na siha". Kazi yenyewe ni "ukocha wa afya". Wingi ni "makocha wetu", si "makocha yetu", kwa kuwa ni watu.

Sasa tuje kwa bi mkubwa. Kosa lipo kweli, na liko kwenye maneno mawili uliyoyaandika mwenyewe: "unapaswa" na "mbona".

Mwanasaikolojia wa Marekani William Miller alichapisha mwaka 1983 makala juu ya namna ya kuzungumza na watu wenye tatizo la ulevi. Baadaye yeye na Stephen Rollnick waliikuza njia hiyo, nayo leo ni nguzo mojawapo ya mafunzo ya makocha wa afya. Waliloliona ni hili: ukimsukuma mtu abadilike, yeye hushika upande wa pili na kuutetea. Ukimwacha ajisemee sababu zake, hujishawishi mwenyewe. Katika Kiswahili, msukumo huo umekaa ndani ya "unapaswa", "lazima", "inabidi", "huna budi". Tena Mombasa kuna jambo la ziada. Kijana kumwambia mtu mzima "unapaswa" ni kumvunjia heshima, naye kwa adabu yake hawezi kukujibu vibaya. Ile "naam, mwanangu" ni ya adabu. Usiihesabu kuwa ni ridhaa.

Lakini sikiliza kiambishi. Siku atakayosema yeye, "lazima nipunguze sukari kwenye chai", neno ni lile lile "lazima", ila limetoka kwenye u- ya "upunguze" likaingia ni- ya "nipunguze". Hapo simama. Mrudishie alichosema: "Kwa hivyo umeona chai ndiyo pa kuanzia." Kisha nyamaza. Sikiliza vilevile "natamani", "naweza", "nachoka na hali hii". Hayo ndiyo maneno ya mtu anayeanza kujongea, na kocha mzuri huyaokota moja moja.

"Mbona" nayo ina lawama ndani yake. Huulizia jambo lililokwenda kinyume na lilivyotarajiwa, kwa hiyo anayeulizwa hujibu kama mshtakiwa: mvua ilinyesha, wageni walikuja, mguu uliuma. "Kwa nini" ni nyepesi kidogo, ila nayo humfanya mtu ajitetee. Badala yake tumia hazina tuliyo nayo, "-je" ya mwisho wa kitenzi: "Wiki hii imekwendaje?" "Ulijisikiaje siku ile uliyotembea kule ufukweni Mama Ngina?" "Waonaje?" Usiichanganye na "Je" ya mwanzo. "Je, umetembea?" haina neno jingine la kuuliza, hivyo hungoja ndiyo au la tu, na mazungumzo yakafungika hapo hapo. Ile ya mwisho hufungua mlango. Na uiandike ikiwa imeshikana na kitenzi: "umelalaje", si "umelala je".

Je, usitoe habari kabisa? Utatoa, ila kwa ruhusa. Anza na anachokijua: "Kuhusu chumvi umesikia nini?" Halafu: "Wataka nikwambie niliyosoma?" Akikubali, mweleze kwa ufupi kwamba Shirika la Afya Duniani lapendekeza mtu mzima atumie chini ya gramu 5 kwa siku, yaani hata kijiko cha chai hakijai. Kisha mrudishie uwanja: "Kwa mapishi ya nyumbani kwako, hilo unalionaje?" Huenda akataja achari kabla yako.

Utakutana pia na "inshallah". Ni neno tukufu, na wengi hulisema kwa azma ya kweli. Lakini sote twajua kwamba mara nyingine hutumika kukataa bila kumuudhi mtu. Usilitilie shaka usoni mwake. Sema "inshallah" pamoja naye, kisha uliza siku na saa: "Jumanne baada ya alasiri, au lini?" Kipimo cha 0 hadi 10 nacho husaidia: muulize ana uhakika kiasi gani kwamba ataweza. Akisema uhakika wake ni 5, usiulize "mbona si 9?" Uliza, "Kipi kimekufanya useme 5, wala si 2?" Jibu lake litakuwa orodha ya nguvu zake.

Akikuuliza apunguze dawa au la, hapo kazi yako imefika mpakani. Kocha hapimi maradhi wala hagusi kipimo cha dawa. Sema: "Hilo ni la daktari wako. Tuliandike swali utakalompelekea?" Wala usimwite "mgonjwa wangu", hata kama ana sukari.

Neno "mteja" ulilotumia ni zuri, ila chunga wingi wake. Sema na uandike "wateja". Hapa mjini "teja" na "mateja" ni majina waliyobandikwa vijana walionaswa na unga. Huenda nao wakaja kwako kutafuta msaada, na hawastahili kulikuta jina hilo kwenye kinywa chako wala kwenye karatasi zako.